Muuguzi Kando ya Boti ya Doria

Juzi, kwenye duka la mpiga picha hapa Katesh, mzee mmoja alileta picha zake za vita vya Kagera zikuzwe. Alikuwa askari wa boti za doria Ziwa Victoria. Alikuwa akimwonyesha mkewe, katika picha moja, mzinga na usukani wa boti, mama akaweka kidole juu ya msichana aliyesimama naye gatini.

“Huyu nani?”

“Muuguzi wetu.”

“Mbona hapa umecheka hivi? Mimi hujawahi kunichekea hivi, baba.”

Mzee akavua kofia. “Siku ile wenzangu wote walikuwa bado hai.”

Mama akauliza majina ya wale wanaume, mmoja mmoja, akiitikia taratibu. Lakini huruma haiui wivu, msomaji wangu: jina la muuguzi aliliuliza mara mbili.