Siku Mkwe wa Robai Alipotoka kwa Grupu

Siku ile pale chemichemini tulikuwa wanne, mwanangu, na nitawataja wote kabla ya neno lingine. Nilikuwa mimi, Mama Protus. Alikuwa Robai, jirani yangu. Tuliolewa hapa Navakholo mwaka mmoja, yeye boma la juu, mimi boma la chini. Alikuwa Mwanaisha mke wa Rajabu, mzaliwa wa Ekero. Na alikuwa Doreen, binti ya Protus wangu, ndiye aliyeshika simu.

Chemichemi ilikuwa imeharibika. Ng'ombe wanaingia, udongo unaporomoka, watoto wanaharisha. Doreen akafungua grupu kwenye simu, akaingiza watu wetu wa hapa na walioko Nairobi na Eldoret, tushirikiane kujenga ukuta na kuweka bomba. Alimwingiza pia Isaya wa Lugari, mume wa Metrine binti ya Robai, kwa sababu Isaya ni fundi wa mawe na alikuwa ameahidi kutujengea bure.

Doreen alipiga picha tatu. Ya kwanza, matope na nyayo za ng'ombe. Ya pili, Mwanaisha amesimama na mtungi, buibui lake safi. Ya tatu, Robai ameinama anachota, leso ameipandisha mapajani isilowe, blauzi imelegea kifuani.

"Kukhu Robai, nikupige?" Doreen alikuwa amemuuliza. Kukhu kwetu ndiyo bibi, na sisi wazee wote hutuita hivyo.

"Piga tu, lakini sina meno ya kuchekea picha."

Tukacheka. Hakuuliza picha inaenda wapi, na hakuna aliyemwambia.

Nyumbani Doreen akaniuliza aweke ipi. Nikavaa miwani. Nikasema matope nani atayaangalia, weka ya Robai, inaonyesha taabu.

"Lakini Kukhu, ameinama vibaya."

Mtoto aliona, mwanangu. Mwenye mvi ndiye hakuona. Nikamjibu, "Mficha uchi hazai," kama vile wahenga walitunga methali hiyo ili mimi nifunikie ujinga wangu. Akaiweka.

Grupu likachangamka. Watu waliokuwanga kimya wiki nzima, sasa huyu analeta mchanga, yule simiti, mwingine anauliza tunachimba lini. Doreen anasoma, mimi natabasamu tu. Mara akainua macho kutoka kwa simu.

"Kukhu, Isaya ametoka kwa grupu."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Ametoka tu."

Wengine wakaanza. Fundi amehepa kazi. Ahadi za bure hizo. Mmoja wa Eldoret akaweka nyuso za kucheka, nyingi, mstari mzima.

Nikaweka kikombe cha chai chini. Wewe mtoto wa siku hizi labda hujui: kwetu mkwe na mama wa mke wake hawashikani mikono, na akimkuta amejifunga vibaya, hugeuza uso akaenda zake bila neno. Isaya hakuhepa kazi. Aligeuza uso kwa njia moja tu aliyobaki nayo. Na mimi ndiye niliyempelekea Robai, mapaja wazi, mpaka kiganjani mwake. Nilidhani grupu ni kama redio, unasema na huko hakuna mtu. Kumbe wote wale walikuwa wamesimama pale majini pamoja nasi, na mkwe yumo.

Jumamosi ile Isaya na Metrine walikuwa walete mtoto wao wa kwanza, bibi yake amwone. Robai alikuwa amefagia boma mara mbili kwa siku moja. Metrine akapiga simu kuwa hawaji. Isaya amesema hawezi kuingia boma lile tena, na mtoto hawezi kumtangulia baba yake. Sababu Robai aliipata kwenye foleni ya kusaga mahindi, kwa mwanamke aliyemwonyesha picha akidhani anampongeza.

Nilimwendea. Mlango umefungwa, na jua liko utosini.

"Robai."

"Nenda, Mama Protus. Umenivua nguo mbele ya mkwe wangu. Umekuja kuangalia kama kuna iliyobaki?"

Nilikaa kizingitini. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mkwe wangu, Rasoa, Mungu amrehemu. Nilipokuwa bibi harusi, shangazi ya mume wangu, Timina, aliteleza chemichemini akaanguka, gauni likapanda. Nililibeba hilo mpaka sokoni, nikaigiza alivyoanguka, watu wakashika mbavu. Rasoa hakunipiga. Aliniita jikoni akasema, "Ya majini huonwa na aliyekuja kuchota. Timina alikubali umwone. Hakukubali umgawe kwa watu wanaonunua omena." Nililia, nikaapa sitarudia. Na tazama, nimerudia nikiwa na wajukuu, tena katika soko lisilo na mwisho.

Nilimwambia Doreen aondoe picha. Aliiondoa, akaniambia walioko kwa grupu walikuwa wameshaituma mbele. Nikasema nipe hiyo simu. Kuandika vizuri sijui, lakini sauti ninayo. Nikasema: "Mimi ni Mama Protus. Picha ya Robai niliichagua mimi. Yeyote aliye nayo aifute. Isaya hakuhepa kazi, alitufundisha adabu." Kisha nikawaita kila mmoja kwa jina lake na la mama yake, maana mtu akiitwa hivyo hawezi kujificha kwenye umati. Walijibu mmoja mmoja, "Nimefuta, Kukhu." Yule wa Eldoret nilimpigia mimi mwenyewe, nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, nikamkumbusha. Lakini Doreen hakunidanganya: hatuwezi kujua kama zote zimefutika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanaisha akasema, "Wallahi na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Rajabu ataenda Lugari." Rajabu akaenda, akaongea na Isaya na wazee wake. Wakaafikiana: mkwe amfunike, mama amlishe.

Isaya alikuja, akasimama nje ya ua, mgongo kwa nyumba. Metrine akaingia na leso mpya aliyoinunua Isaya, mlango ukafunguliwa. Robai akajifunga leso ile juu ya nguo zake zote. Akatoa ingokho, kuku aliyenona, Isaya akapelekewa. Ndipo Isaya akageuka. Robai akampokea mtoto, akamwangalia sana.

"Hii pua ni ya Lugari," akasema. "Kwetu hakuna."

Mimi nilikuwa nimesimama mbali, pale kwa ndizi. Akaniita bila kuniangalia. "Mama Protus, kuja ushike miguu. Mtoto ni mzito."

Ukuta ulijengwa. Isaya hajarudi kwa grupu mpaka leo. Ya ujenzi alimwambia Rajabu, Rajabu akatuambia.

Mwanangu, wewe unayekusanya watu kwa simu kwa ajili ya maji, ya wagonjwa, ya yatima, kazi yako ni njema, usiiache. Ila kabla hujaonyesha taabu ya mtu, mwonyeshe yeye kwanza ile picha, na umtajie nani ataiona. Akikataa, weka matope. Ukitaka kufichua uchi, fichua wako. Na watu waite kwa majina. Waliokuja kwa kumhurumia Robai, wengi wao hawakuonekana siku ya kubeba mawe. Niliowaita tena kwa majina ya mama zao ndio waliokuja.

Mungu akupe maji safi, na akupe watu wa kukuchotea mikono yako ikichoka. Jina lako likitajwa, asiwepo wa kuinamisha uso.

Na kama nimekosea jina la mtu au mahali aliposimama, nisahihisheni, nimezeeka. Lakini njoo unisahihishe kwa mdomo. Usiniletee picha.