Arvid Ruona na Kifuniko cha Kopo la Kahawa

Siku Arvid Ruona aliponunua rangi ya kucha, habari zilifika nyumbani kabla yake. Aliingia dukani kwa Bibi Hendrickson na buti zake za kazini, akachagua chupa ndogo nyekundu, akafikiri kidogo, akaongeza ya buluu. Bibi Hendrickson alimrudishia chenji. Alingoja mlango ujifunge, kisha akainua simu.

Kwa watu wengine hilo lisingekuwa jambo. Lakini Arvid alikuwa mtu wa kanisa, wa lile kanisa la Wafini waliohamia huku Amerika, ambalo wanawake wake hawapaki hata poda, nyumba zao hazina televisheni, na watu wakikutana njiani huanza kwa "Amani ya Mungu" kabla ya kuulizana habari. Mkewe Saima hakuwahi kupaka ukucha rangi tangu azaliwe. Chupa mbili zile zikatosha kuwanywesha watu kahawa nyumba kwa nyumba mpaka jioni.

Saima alimpokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Irja, hizo rangi ni za nani?"

"Za risasi," Arvid akasema.

Saima akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi.

Arvid hakuwa mtu wa kuchekesha kwa makusudi. Alikuwa dereva wa greda la wilaya. Majira ya joto alisawazisha barabara za kokoto, na miezi yote iliyobaki alisukuma theluji ambayo Ziwa Superior hututupia bila kuulizwa. Madereva wengine walipita kasi wakayafukia masanduku ya barua kando ya barabara. Yeye alipunguza mwendo kila alipofika penye sanduku, na mbele ya nyumba za wajane alishuka na koleo. Hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Wajane ndio waliolitaja.

Risasi zenyewe zilikuwa na kisa chake.

Babake Saima, Mzee Kalle, alikuwa na bunduki ya kuwindia, mtutu mrefu wa chuma cheusi uliolala kwenye kitako cha mti wa jozi uliokolea rangi kwa mafuta ya mikono. Miaka mingi mzee huyo hakumpenda mkwe wake. Alimwita "yule kijana wa barabarani" hata baada ya mjukuu wake Irja kuzaliwa. Lakini alipokuwa anakata roho aliwatazama watoto wake, akamtazama Wilho, mwanawe wa kiume wa pekee, halafu akasema, "Bunduki mpeni Arvid." Arvid alitoka nje akasimama nyuma ya ghala la kuni, na waliomwona walisema mabega yalikuwa yakitikisika. Alikuwa amepokelewa, na kilichompokea kilikuwa hicho, mtutu na mti wake.

Wilho alinyamaza siku hiyo. Baada ya hapo hakunyamaza tena.

Shida ni kwamba bunduki ile haikuwa na msimamo. Leo ilipiga pale ulipoitazama, kesho ilitupa risasi juu kushoto, kana kwamba imekasirishwa na mtu. Msimu mmoja, siku ya kufunguliwa uwindaji, Arvid alimlenga kulungu dume kwenye ukingo wa kinamasi cha mierezi. Alilenga begani, risasi ikaingia nyuma mno. Alifuata damu mpaka giza likamzuia, akarudi alfajiri akakuta theluji imefunika kila kitu. Kunguru tu ndio waliojua mnyama alipolala. Arvid alikaa juu ya gogo, akavua kofia, akamwomba Mungu radhi, na akaapa kwamba hatamnyooshea kiumbe bunduki ile tena mpaka iweze kutia risasi tatu ndani ya kifuniko cha kopo la kahawa kwa umbali wa hatua mia.

Jumapili ile, mezani, Wilho alimega mkate wa iliki, akauchovya kwenye kahawa yake, akasema kwamba baba yao hakuwahi kukosa kwa bunduki hiyo.

"Baba alikuwa akinyata mpaka karibu amshike mnyama mkia," Saima akasema.

Wilho hakumsikia, au hakutaka. Alisema kama shemeji ameshindwa nayo, basi ailete kwake. Ameshapigilia msumari juu ya meko ya sebuleni. Hapo itapendeza na haitamdhuru mtu. Arvid hakuwa mtu wa kuweka dau, na kanisa halikuruhusu. Lakini aliweka kikombe chini akasema kwamba bunduki isiyoaminika kweli haistahili kwenda msituni. Ikifika siku ya kufunguliwa msimu ujao bila kutengemaa, itakuwa ya Wilho.

"Umesema mwenyewe, shemeji."

"Nimesema."

Ndipo akaanza kutengeneza risasi zake, maana za dukani zilitawanyika kwenye shabaha kama kuku waliomwagiwa maji. Chini ya nyumba, pembeni ya tanuru, alifunga jeki ndogo ya mkono kwenye ukingo wa meza. Alikusanya maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayarudisha umbo, akapachika kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti. Baruti aliipima kwa mizani ndogo kama ya sonara, akiongeza punje kwa kibanio. Kisha alishusha jeki, na risasi ikaketi kwenye mdomo wa ganda, leo ndani kidogo, kesho nje kiasi cha unywele. Kila kipimo alikifanyia kundi lake, na ili yasichanganyike alihitaji alama ambayo haifutiki. Hapo ndipo rangi ya kucha ilipoingia.

Mhubiri alifika jioni ya siku ile ile ya kununua rangi, eti kunywa kahawa. Alikaa muda mrefu akitazama mikono ya Arvid. Mwishowe Arvid akamwonea huruma, akamshusha chini kumwonyesha. Mhubiri naye alikuwa mwindaji. Saima aliposhuka kuwaita kula samaki, aliwakuta wameinama juu ya mizani wakiwa wameziba pumzi, mtumishi wa Mungu ameshika kibrashi cha rangi nyekundu.

Wilho, kwa upande wake, alikula sikukuu. Kila alipokutana na Arvid aliuliza kama leo anapaka mikono au miguu. Alimletea pete ya plastiki ya watoto. Posta, mbele za watu, alimwambia, "Shemeji, usipige kwanza, subiri zikauke."

"Zimeshakauka," Arvid alijibu. "Njoo usimame mbele ya mtutu tuhakikishe."

Siku za kupigia zilikuwa Jumatatu na Ijumaa, baada ya kazi, kwenye shimo la kokoto. Alilaza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, akavuta pumzi, akaitoa, akafyatua. Na hapo ndipo bunduki ilipoanza kumchezea. Ijumaa, risasi za buluu zilikaa pamoja kama ndugu. Akafurahi, akatengeneza nyingine za buluu. Jumatatu zikaenda huku na huku. Akajaribu nyekundu: Jumatatu mbaya, Ijumaa nzuri. Akapunguza baruti, akaongeza, akabadilisha fataki. Akasugua mtutu hadi ukang'aa, halafu akauacha bila kuusugua. Majani ya miti yakageuka manjano, yakaanguka, na bado hakujua kama adui yake ni baruti, risasi, jicho lake, au Shetani mwenyewe.

Kisha Wilho akamaliza kujenga sauna mpya. Sauna ndiyo bafu letu la mvuke: jiko lililojaa mawe ya moto, maji juu ya mawe, jasho, na dhambi za wiki zinatoka kwa matundu ya ngozi. Kila nyumba huwasha Jumamosi. Lakini Wilho alitaka watu waione ya kwake, akaita ukoo wote, na Jumamosi ile kwa Arvid hawakuwasha. Arvid alikaa juu kabisa karibu na dari, akavumilia masimulizi ya shemeji yake kuhusu kila ubao.

Jumatatu iliyofuata alipiga risasi tatu za nyekundu, na zote tatu zingefunikwa na kikombe cha kahawa. Akapiga tatu nyingine. Vilevile. Aliimba wimbo wa tenzi njia nzima, akiwa kwenye gari lililofungwa vioo, na bado watu walimsikia. Usiku huo alitengeneza boksi zima la nyekundu. Alimwambia Saima kwamba Bwana amemwonyesha kipimo.

Jumamosi wakawasha sauna yao kama kawaida. Jumatatu Arvid akaenda shimoni na boksi lake, na risasi zilezile, za baruti ileile, zikatawanyika kama hazijuani.

Alirudi, akaketi jikoni na koti lake. Saima alimwekea jibini na kahawa, hakugusa. Zilibaki siku chache tu msimu ufunguliwe. Alisema kesho ataipeleka bunduki kwa Wilho. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza Saima zaidi. Alisema tu kwamba labda mzee aliona vizuri tangu mwanzo, na yeye ni kijana wa barabarani, hajui kutunza kitu cha watu.

Saima alitoka kwenda kuchukua taulo zilizobaki saunani, akarudi akisugua bega.

"Mlango wa kule nao. Umevimba tena, nimeusukuma kwa bega ndiyo ukafunga."

Arvid aliitikia bila kusikia. Halafu akasikia.

"Huwa unavimba lini?"

"Kila baada ya sauna. Alhamisi unafunga wenyewe. Baba Irja, umeishi hapa miaka yote hii hujui?"

Arvid alisimama taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna nyuki kwenye kola yake.

Maana bunduki ya Mzee Kalle ilikaa saunani. Si kwenye mvuke wenyewe, bali kwenye chumba cha kuvulia nguo, juu ya mlango wa ndani, kwenye msumari alioupigilia mzee zamani, nyumba hiyo ilipokuwa yake. Arvid aliirithi na msumari wake. Asingethubutu kuihamisha, kama vile asingehamisha kaburi. Kila Jumamosi mlango wa ndani ulipofunguliwa, wingu la mvuke lilipanda moja kwa moja mpaka pale juu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kweli ilitundikwa juu ya nguo zao.

Alikwenda kuileta, akailaza mezani, akachana ukanda wa karatasi ya kufungia mkate. Akajaribu kuupitisha kati ya mtutu na mti. Ukakwama. Mti ulikuwa umevimba na kuushika mtutu, ukiupotosha kila ulipopiga, kama mtu anayemshika mwenzake mkono asiandike. Wakaiacha jikoni, mbali na birika. Jumanne karatasi ilipita nusu. Alhamisi ilipita yote, na Saima ndiye aliyeivuta mpaka mwisho, akaipunga mbele ya uso wa mumewe.

Lakini Arvid hakuwa na raha. Alisema mzee aliitundika pale kwa sababu yake mwenyewe, na yeye ni nani aitoe.

"Sababu yake naijua," Saima akasema. "Mama alimkatalia asiingize bunduki nyumbani. Walinuniana mwezi mzima. Pale ndipo mahali ambapo mama hakuweza kuiona akiwa na miwani yenye ukungu."

Jioni ile Saima mwenyewe alipanda kiti, akapigilia msumari juu ya mlango wa jikoni. Arvid alimshikia kiti, akicheka kimya mpaka machozi.

Siku moja kabla ya msimu, Wilho alifika shimo la kokoto amebeba blanketi la kuifungia bunduki. Yeye mwenyewe ndiye aliyehesabu hatua na kukibandika kifuniko, na hatua zake zilikuwa ndefu kupita kawaida. Arvid alilala kifudifudi. Midomo yake ilisogea kidogo; pengine alihesabu pumzi, pengine aliomba. Alipiga, akapiga, akapiga.

Wilho alikwenda kutazama, akakaa kule muda. Aliporudi, blanketi lilikuwa begani na kifuniko mkononi, kina matundu matatu, mawili yamegusana. Arvid akamsimulia habari za mlango uliovimba, na za Jumamosi ile ambayo kwao hawakuwasha.

"Sauna yangu ndiyo iliyokuponya," Wilho akasema. "Utanishukuru lini?"

"Jumamosi," Arvid akasema. "Nitakuja kusifu mbao."

Wilho alikwenda nacho kile kifuniko, akakitundika juu ya meko, kwenye msumari wake.

Asubuhi iliyofuata Arvid alirudi kwenye ukingo wa kinamasi kile kile cha mierezi. Dume alitoka, akasimama. Risasi moja yenye doa jekundu, na mnyama hakupiga hatua ya pili. Arvid alivua kofia. Safari hii alishukuru. Mguu mmoja wa nyuma aliupeleka kwa wajane, na mwingine kwa shemeji.

Aliwinda na bunduki ile mpaka magoti yalipokataa. Bwana alimchukua mwezi wa pili, theluji ikiwa shingoni mwa masanduku ya barua, na tukangoja udongo uyeyuke ndipo tumzike. Kwenye mazishi Wilho alitaka kusimulia habari za rangi ya kucha, akaanza mara tatu, akashindwa. Mhubiri mzee ndiye aliyemsaidia, na kanisa zima lilicheka likiwa linalia.

Novemba ilipofika, Saima alipanda kiti tena, akaishusha bunduki, akampa kaka yake pamoja na boksi lililobaki chini, pembeni ya tanuru.

"Arvid alisema iwe yako," akamwambia. "Ila usiitundike saunani."

Wilho alifungua boksi. Zilikuwa zimepangwa kwa safu, kila moja ikiwa na doa lake jekundu. Akafunga, akafungua tena. Kisha akauliza kama zimeshakauka.