Fundi Honi na mzee asiyeridhika

Saa tatu asubuhi, Fundi Honi anafungua kichwa cha treni ya kuchezea kinachotosha kiganjani. Anachungulia ndani, kisha anasonya.

"Gundi ya viatu tena! Nani kawaambia spika inagandishwa kwa gundi ya viatu?"

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili hutengeneza sauti za treni za kuchezea za zamani. Vipuri vya treni hizo havitengenezwi tena. Spika ikipasuka, anang'oa nyingine kwenye simu mbovu. Ufundi aliupata kwenye duka la redio, alikofanya kazi miaka kumi na minane hadi lilipofungwa.

Mumewe amechoka. "Honi mara hamsini kwa siku! Juzi nimeota nimelala relini."

Lakini aliyemtoa jasho mwezi huu ni dereva mstaafu wa treni, aliyemrudishia kazi moja mara tatu.

"Honi inalia, mzee wangu."

"Inalia, mwanangu, ila siyo yenyewe."

Mara ya tatu fundi alishindwa kujizuia. "Basi niigizie hiyo yenyewe, maana mimi nimefika mwisho!"

Mzee akavuta pumzi, akaiga kwa mdomo: nzito, ndefu, ikishuka taratibu. Kisha akainamisha kichwa.

"Mke wangu alikuwa akiisikia tu, anajua narudi nyumbani. Sasa amepoteza kumbukumbu. Ananiita mgeni."

Fundi alivuta kiti, akabadilisha spika, akapunguza kasi ya sauti, akamwambia mzee aige tena, na tena, mpaka koo likamkauka. Jioni wakaenda wote nyumbani kwa mzee.

Bibi alikuwa ameketi dirishani. Treni ikazunguka mezani, ikapiga honi. Akageuka, akamtazama mumewe usoni.

"Mbona leo umechelewa?"

Wakashikana mikono kwa dakika chache, kisha bibi akauliza tena huyu mgeni ni nani.

"Nilitoka nje nikalia," anasema fundi. "Halafu mzee akanifuata, eti honi imezidi kidogo mwishoni! Nilitamani kumrushia bisibisi."

Sasa anapanga kuwatafuta madereva wastaafu mmoja mmoja, awarekodi wakiiga honi za treni walizoendesha, kabla hawajazisahau.

"Watanisumbua, nawajua," anasema. "Lakini waje. Waje haraka."