Sauti ya Kifuniko cha Mama

Kuna Alhamisi moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Kaa hapa, na hiyo simu iweke kando. Tangu asubuhi nakuona unaandika maneno makali kwenye kundi lenu la vijana huku unacheka peke yako, ndiyo maana nimekuita.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, hapa hapa Kolwezi. Kila Alhamisi alasiri, king'ora cha mgodi kikishalia na baruti ikishapigwa, tulikwenda ukumbi wa parokia kusoma Kiingereza. Mwalimu wetu alikuwa Mukendi, ambaye sote tulimwita Tata kama baba yetu, karani wa bohari mgodini aliyejifunza lugha hiyo Zambia alikofanya kazi ujanani. Vitabu hakuwa navyo. Alikuwa na gunia la vyuma na mabati. Tulifumba macho, yeye akagonga kitu, nasi tukataja sauti yake. Mlango ukibamizwa, bang. Sahani zikianguka na kuvunjika, crash. Lori la mawe ya shaba likipanda mlima, roar. Baruti yenyewe, blast. Mimi nilikuwa nachanganya racket na din. Alicheka, akasema racket ni kelele za watoto wa jirani wanaokunyima usingizi wa mchana, lakini din ni kelele za wengi kwa pamoja, hata hujui ipi imetoka wapi.

Ila ukishataja sauti, bado alikuuliza: nani amepiga? Bang peke yake hakuipokea. Sharti useme ni Joseph aliyebamiza mlango. Tulimwona msumbufu, Mungu atusamehe.

Mimi nilikuwa naleta kifuniko cha sufuria kubwa ya mama. Kishikio chake kimelegea, ukikigonga kinalia, halafu kinatetemeka kidogo nyuma ya mlio. Tata Mukendi alikipenda sana. Alisema mji mzima hakuna kingine chenye sauti ile.

Kisha mgodi ukaanza kufa. Mishahara ikakatika, baba akawa anashinda nyumbani akitazama buti zake. Yakaenea maneno kwamba taabu yetu imeletwa na watu wa jimbo la Kasai, kabila la kina Tata Mukendi, kwamba ndio waliochukua kazi zetu, basi warudi kwao. Kwao wapi, mwanangu? Watoto wa Tata Mukendi walizaliwa mtaa huu huu.

Mchana mmoja kundi likapita kwetu, wanagonga sufuria na mabati, wanasimama mbele ya kila nyumba ya Mkasai. Wasichana wenzangu walikuwemo. Nikachukua kifuniko, nikaingia. Sitakudanganya kwamba nilisukumwa. Nilifurahi. Tangu baba aache kulipwa, siku ile ndiyo nilijiona nina nguvu. Tulipofika mlangoni kwa Tata Mukendi nilisita, lakini nikajiambia, katika zogo hili nani atanijua mimi? Nikakigonga kifuniko mlangoni pake kwa nguvu zangu zote. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na ndani hakusikika mtu.

Niliporudi, mama alitazama ukingo wa kifuniko uliobonyea. Siku chache baadaye familia zilizofukuzwa zilikuwa zimejaa stesheni, zinalala chini na mizigo yao kusubiri treni. Alhamisi ilipofika mama akapika bukari ya unga wa mahindi na sombe ya majani ya muhogo, sombe akaiacha ndani ya sufuria ile, akaifunika, akaniambia nipeleke mwenyewe.

Nilimkuta Tata Mukendi amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Mkewe alikuwa amempakata mtoto mwenye homa, anampepea kwa kanga. Walinikaribisha vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilipotua sufuria chini, kifuniko kikalia, kishikio kikatetemeka. Tata Mukendi akainamisha kichwa. Akauliza polepole, kama darasani:

"Ni nani alipiga, mama?"

Ningeweza kusema walikuwa wengi, na ni kweli walikuwa wengi. Mkewe akaacha kupepea.

"Ni mi, tata," nikasema. "Unisamehe."

Tata Mukendi akagusa ukingo uliobonyea. "Mi nilijua siku ile ile," akasema. "Kelele ya bale bengine nilisahau. Ya kwako njo ilibakia mu masikio."

Nililia mpaka mkewe akanishika mkono kunituliza, yeye niliyemgongea mlango. Tata Mukendi akaweka kiganja juu ya kichwa changu, akaniombea. Niliwaachia sufuria wapikie njiani, lakini kifuniko alinirudishia. Alisema watoto wa mtaa wanabakia hapa, niwafundishe mimi, na nisiache kuwauliza nani amepiga.

Treni iliondoka siku ya tatu. Mtoto yule hakufika. Niliambiwa miezi mingi baadaye, na hata leo nikikumbuka nashindwa kula. Homa sikumpa mimi, mwanangu. Lakini niliwagongea mlango watoke.

Basi nasaha yangu si ndefu. Kabla hujatuma neno kwenye hilo kundi, jiulize kama ungelisema ukiwa peke yako, mbele ya mwenyewe, na jina lako ukalitaja. Ukiona aibu, lifute. Usijifiche katika wingi wa watu, kwa maana huyo mnayempigia kelele huenda akasahau sauti zote akabaki na yako. Na ukishamkosea mtu, mwendee angali stesheni. Mimi nilimwahi kwa siku tatu tu, na hizo siku tatu ndizo zilizonifanya niweze kuishi.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe sauti ambayo mtu akiikumbuka akiwa mbali, moyo wake utulie. Sasa nipe hicho kifuniko hapo ukutani, nikitie kwenye gunia. Leo ni Alhamisi, watoto wananingoja.