Betri ya Pili

Mwaka 2013 nilikuwa na meza ya kuchajia simu pembeni ya soko la Kasulu. Paneli ya sola na betri alinunua kaka yangu mkubwa. Jua, vumbi na maneno ya wateja vilikuwa vyangu. Betri ya kwanza ilipokufa, kaka alisimama mbele ya watu akatangaza: "Hii ya pili ikifa, unarudi kijijini Titye kulima maharage. Meza nampa mwanaume anayejua umeme."

Moyoni niliapa kwamba sirudi. Jembe silidharau, limenilea. Nilichokikataa ni kufukuzwa kwa kosa lisilo langu. Siku za mawingu betri ile ya kwanza tuliinyonya mpaka ikakauka kabisa, na betri ikinyonywa hivyo haiponi. Aliyeniamuru nisikatae simu ya mteja hata siku moja, mawingu yawepo yasiwepo, ni kaka huyo huyo.

Jirani yangu wa meza siku za gulio alikuwa fundi redio, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu. Mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake kambini alikuwa amemwachia kibao cha umeme, cha bluu, kidogo kama kiberiti.

"Dada, hii karte inapima betri," aliniambia. "Ikishuka sana, inakata yenyewe. Ila kwanza inaomba ordinatere, tuifundishe kazi."

Kompyuta niliyoijua ilikuwa moja, ya mzee wa steshenari, mfanyabiashara ambaye kwao ni Tanga. Alikitazama kibao kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye kikapu.

"Mwanangu, mashine hii ndiyo chungu changu cha wali. Kikiunguzwa na hicho kidude, nitakula nini?"

"Kikiungua, mzee, nitawaandikia wateja wako barua kwa mkono, bure, mpaka uchoke mwenyewe."

Alicheka, akatupa nafasi wakati yeye yuko msikitini, sala ya Ijumaa. Tukaweka programu iliyokuwa kwenye flashi ya fundi, kisha nikachomeka kibao kwa waya niliotoka nao mezani. Taa yake ndogo ikawaka. Nikafurahi mapema mno, kwa sababu kompyuta haikukiona. Tukachomoa, tukachomeka upande wa pili, tukazima, tukawasha. Taa inawaka, kompyuta haina habari.

"Iko nzima, dada. Ni ordinatere ndiyo inakatala."

Wateja wawili waliosubiri fotokopi wakaanza kuguna. Mmoja akasema mambo haya yana wenyewe. Hasira ilinipanda hadi masikioni, na nadhani ndiyo iliyonifumbua macho. Nikautazama ule waya. Shingoni ulikuwa na selotepu nyeusi, na selotepu hiyo niliifunga mimi.

Wachajishaji wote wa Kasulu tulikuwa na mtindo mmoja. Waya ukikatika, unauunga upya, lakini kati ya minne iliyo ndani yake unaunga mwekundu na mweusi tu, maana chaji inapita humo. Mweupe na wa kijani tunaikata mifupi isije ikagusana. Nilishaunga hivyo mara nyingi, na nikajiona fundi. Kumbe ile miwili niliyokuwa nikiitupa ndiyo inayopeleka maneno. Nilikuwa nimekilisha kibao na kukikata ulimi.

Nikang'oa selotepu kwa meno, nikaimenya ncha ile mifupi mpaka ikafikiana. Mweupe kwa mweupe, kijani kwa kijani, nikasokota, nikafunga. Nilipochomeka tena, kompyuta ikalia mlio mfupi na jina la kibao likatokea kwenye kioo. Fundi akanisomea maagizo kutoka daftari lake, nikayachapa mwenyewe herufi kwa herufi. Mzee aliporudi aliikuta mashine yake nzima. Akanusa hewa kwanza, ndipo akaketi.

Tukafunga kibao kwenye betri pamoja na swichi ndogo ya kukatia umeme, iliyotolewa kwenye gari bovu. Kaka sikumwambia kitu.

Masika yakaja. Siku ya tatu ya mawingu, saa nane mchana, swichi ikalia tik, simu zote mezani zikaacha kuchaji. Habari ikamfikia kaka kabla hata sijafunika meza. Alikuja na mwanaume amebeba mfuko wa spana.

"Imekufa," kaka alisema. "Si nilisema? Mpishe mwenzako."

Nikampa yule mwanaume kipimo changu cha umeme. "Pima wewe, unayejua umeme."

Akapima. Akapima tena, akajikuna shingo. "Betri ni nzima, bosi. Kuna kitu kimeizuia isinyonywe."

"Nani kakufungia hicho kitu?" kaka aliniuliza.

"Nimefunga mimi."

Aliinama akaitazama ile swichi. Kisha akatoa simu yake mfukoni, imezima, akaniambia niwashe basi hiyo mitambo, ana mtu wa kumpigia sasa hivi. Nikaipokea kwa mikono miwili kama ya mteja yeyote, nikaibandika karatasi ya foleni, namba kumi na tisa, nikamwambia arudi jua likitoka.