Macho ya Bibi Harusi

Mume wangu alikuwa hodari wa kupiga picha, lakini kufundisha hakujui. Alinielekeza asubuhi moja tu, akinikaripia kila niliposhika kitu, kisha akanituma na kamera yake kwenye harusi Mkomani. Yeye hangeweza kwenda. Aliyetakiwa kupigwa picha ni bibi harusi, na bibi harusi hatazamwi na mwanamume asiye wake. Mpaka siku hiyo kazi yangu ilikuwa kufuta vioo vya kunasia picha na kuchanganya dawa za kusafishia picha zenyewe.

Aliyeitaka picha hiyo ni mama wa bibi harusi. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa na mfanyabiashara wa Kismayu, na baada ya fungate angeondoka naye. Watu walimcheka, picha ya nini, lakini hakuwajali. Nilimpenda kwa hilo.

Nilichukua vioo viwili, kila kimoja cha picha moja. Kimoja kilivunjika nikipanda ngazi za nyumba ile, maana ngazi zenyewe kama zilijengewa mbuzi. Vyumba vilikuwa giza, kwa hiyo tukamketisha bibi harusi kiwandani, ule ua wa ndani usio na paa. Alikuwa amepambwa asmini mpaka kiunoni, mikono yenye hina ameiweka mapajani, macho kayafumba. Ndiyo desturi: bibi harusi akitolewa mbele ya wanawake wenzake hafumbui macho, ati ndiyo haya.

"Nataka mato yake," mama yake akaniambia. "Uso wa kulala nitaufanyani?"

Somo, yule mtu mzima aliyemfunda na kumpamba, akakataa. "Haiwi, Bi. Afumbue mato mbee ya watu wote hawa, kesho waseme nini?"

Wageni walijaa mpaka mlangoni na hakuna aliyetaka kuondoka. Mama akamwangalia somo, akawaangalia wageni, akaishiwa nguvu. Mimi nilikasirika, lakini mwenye mtoto si mimi, na jua lilikuwa linaondoka kiwandani. Nikauliza, nipige au nisipige?

"Piga vivyo hivyo," akasema mama.

Mume wangu alinipimia muda kwa sura ya Kulhuwallahu: nifungue kamera, niisome yote polepole, nifunge. Nikafungua, nikaanza kusoma. Nilipofika katikati, mama aliyesimama begani kwangu akashindwa kujizuia, akalia kwa sauti. Bibi harusi akafumbua macho. Wageni wakaguna, somo akainuka na leso amfunike uso, nami nikamaliza sura mbio mbio na kufunga.

Kioo nilikisafisha mwenyewe gizani, mume wangu kaketi nje ya mlango akinitajia dawa na kunifokea. Picha ilitoka ya ajabu. Kope zilionekana zimefumbwa, na hapo hapo macho mawili mafifu yanatazama pembeni, wala si kwenye kamera. Niliona aibu kuipeleka. Nilipofika kwa mama, mwanawe alikuwa ameshasafiri. Nikamwomba anisamehe, ndiyo kwanza naanza kazi, nimemharibia, na kioo kilikuwa hicho kimoja.

Akaisogeza mwangani, akaweka kidole kwenye yale macho mafifu.

"Hukuharibu kitu," akasema. "Alisikia nalia, akanitazama."