Mjomba wa Kinole alivyonirudishia barua ya posa kwa sababu ya mkono wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wakubwa shikamooni.

Ninayoyasimulia yamenipata mimi mwenyewe. Mke wangu husoma jukwaa hili kimyakimya bila kuandika neno, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitahukumiwa nyumbani kabla ya nyinyi kunihukumu hapa.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Mitumba imejaa Morogoro mjini, maduka yaliyokuwa matupu sasa yana sabuni za kila rangi, na mimi ni kijana, mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja pale mjini.

Nilikulia bweni la seminari, ambako mtu alikugusa kwa sababu mbili tu: umeugua au umekosa. Juu ya malezi hayo nikaongeza elimu ya vijidudu. Salamu yangu ya mkono ilikuwa ya sekunde moja, na niliuona huo kuwa ustaarabu.

Nikampenda muuguzi mmoja, Tekla, mzaliwa wa Kinole, kule milimani.

Niweke maelezo kidogo kwa wasiofahamu. Kwa Waluguru, kabila la kina Tekla, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba atafurahi, atakunywa soda yako, lakini mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba akikataa, rudi mjini ukafundishe.

Mshenga wangu alikuwa mwalimu mwenzangu Athumani, mtu wa Kilosa, mcheshi kupita kiasi. Tukapanda mlima Jumamosi moja na barua ya posa, viatu vyangu vinang'aa.

Mjomba, mzee Beda, tulimkuta uani akibandua magome ya mdalasini. Viganja vyake vilikuwa vya kahawia kwa utomvu, vigumu kama tupa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za mjini?" Akaushika mkono wangu, wala hakuuachia. "Mama hajambo? Baba naye? Mvua huko kwenu? Njia haikuwasumbua?"

Kila swali alilipa muda wake, akisubiri jibu na kulitafuna. Mimi nilihisi kiganja kinanikwaruza, jasho lake na langu yamechanganyika. Hata sikuisikiliza hiyo habari ya njia. Nikauchomoa mkono.

Kisha, Mungu anisamehe, nikatoa leso nikaufuta.

Mzee Beda akaitazama ile leso, akamrudishia Athumani barua bila kuifungua.

"Barua najua imeandikwa vizuri, huyu ni mwalimu," alisema. "Mimi nilikuwa nausoma mkono. Umeondoka sijafika katikati."

Tulipokuwa tunashuka, Athumani alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. "Ndugu yangu, nimeona posa zimekwama kwa mahari, kwa dini, kwa ulevi. Kwa leso, hii ya kwanza!"

Tekla hakucheka. "Mikono hiyo ndiyo iliyonisomesha uuguzi," aliniambia. "Likizo ikifika nenda ukakae naye. Ukishindwa, basi, kila mtu ashike njia yake."

Nikaenda.

Zilikuwa siku za mavuno. Wafanyabiashara walikuwa wameanza kuja na malori yao hadi Mkuyuni, kila mmoja akinunua viungo apendavyo, na mzee alihitaji msaada. Akanikalisha kando yake, akanipa kisu. Nilikishika vibaya. Badala ya kunieleza, aliweka kiganja chake juu ya changu akakiongoza: kwangua, pasua, bandua. Siku nzima.

Nilikakamaa kama mtu anayesubiri sindano.

"Mwalimu, tulia. Huyu si nyoka, ni mjomba."

Na kila asubuhi, salamu ile ile ndefu.

Tulikula ndizi za kuchoma pamoja. Alinisimulia jinsi alivyombeba Tekla mgongoni kumpeleka zahanati, mvua ikinyesha, mtoto akiwaka homa. Nami nikamweleza habari za seminari, jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu.

Siku ya nne niligundua jambo. Mkono ulikuwa ule ule, na ugumu ule ule. Ila haukunikwaruza tena.

Wakuu, wakati ule darasani nilifundisha oksitosini kuwa ni homoni ya uchungu wa uzazi na ya kushusha maziwa, basi. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba inahusika pia na namna tunavyouhisi mguso. Lakini si dawa ya mapenzi kama wanavyotangaza wapiga debe wa mtandaoni. Athari yake hutegemea ni nani anayekugusa, na nini kimetangulia kati yenu. Ngozi haipokei mkono mtupu. Hupokea mkono pamoja na historia yake.

Kwa hiyo, vijana, msiifanye hoja hii kibali cha kushikashika watu wasiowataka. Hoja inawahukumu nyinyi kwanza.

Turudi Kinole.

Siku ya sita tukasalimiana kama kawaida. Alipomaliza yake, nikaanza yangu: mgongo unaendeleaje, mzee? Mvua ya jana haikulowesha mdalasini uliopo juani? Yule mbuzi aliyekata kamba amepatikana?

Alijibu yote. Kisha akaanza kucheka.

"Mwalimu, niachie mkono basi, nina kazi!"

Nilikuwa bado nimeushika. Wallahi sikujua.

Akageuka kuelekea jikoni, akampazia sauti mkewe: "Mama, atafutwe mtu wa kushuka mjini! Amwambie yule mshenga mcheshi alete barua yake."

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani mguso wa watu ndio ulikuwa na kasoro, kumbe sikuwa nimempa mtu yeyote muda wa kuwa mtu kwangu. Siku hizi tunagonganisha ngumi na kuita hiyo salamu, huku macho yako kwenye simu. Halafu tunalalamika kwamba tuna upweke.

Karibuni mnikosoe, hasa wenye taaluma. Lakini kabla hujaandika, jiulize: wewe uliuchomoa mkono wako kwa nani, na je, bado yupo umrudie?